Nimehama bila kubeba hata nyungu

Bwana we, mi niko hapa mu lupango yangu Lubumbashi, nimekaa ku kiti yangu ya plastiki, chai iko pembeni, kijana mumoja anaingia na kopo ya rangi nyekundu, hodi hakuna, yambo hakuna, anaanza kuandika namba ku mulango yangu ya bati. Namuuliza, we kijana, unafanya nini? Anasema papa, nyinyi hamuko tena ba komini (manispaa) ile ya zamani, muko ba hii ingine. Tangu lini? Tangu siku ya ine ya juma, papa. Nikamuangalia mama ya batoto, naye akaniangalia. Kumbe tumehama siku tatu na hakuna mutu alibeba hata nyungu!

Sasa mulango yangu iko na namba tatu. Iko 47 ya bluu, ile tulizaliwa nayo, iko ile ya chaki ya batu ba vaksini ya polio, na iko hii 112 nyekundu yenye ilichuruzika adi chini, yaani unaweza kusema balichinjia kuku pale. Jirani wa ngambo ya avenyu, tunaazimana chumvi kila siku, yeye amebaki ku komini ya zamani. Mupaka inapita katikati ya barabara, mu kile kishimo kikubwa cha mayi ya mvua, na sasa hakuna komini inataka kukiziba juu kila mumoja anasema kishimo ni ya mwenzake. Takataka pale ku kona pia paka vile, inapanda tu, imekuwa kubwa, karibu nayo itaomba shefu wa kartye (mutaa) yake.

Njo mutoto yangu mukubwa anapata nafasi ya kazi, banamuomba atestasio ya rezidansi, karatasi ya kuonyesha anakaa wapi. Kitu kidogo, si ndiyo? Nikaenda ku biro ya zamani, dakika kumi ya miguu, papa wa pale akafungua kitabu, akapitisha kidole, akaguna, akasema "Muzee, avenyu yenu ilishatoka kwetu." Ilitoka namna gani, ilikuwa na miguu? Wende kule. Kule ni taksibisi mbili, kisha kutembea mu vumbi, kisha benchi. Mama wa pale hakufungua hata kitabu, anasema "Papa, liste yenu haiyafika." Nikamuuliza, sasa mama, mi niko wapi? Anasema "Muko mu njia." Mi niko mu njia! Nyumba, bukari (ugali) ku moto, batoto, bata wanne, sisi wote tuko mu njia.

Lakini wa kodi, eh, wa kodi hakupotea hata kidogo. Wa zamani alikuja siku ya mbili ya juma, wa mupya akakuja siku ya ine, wote na risiti, wote banajua jina yangu na ya baba yangu.

Na wanakuambia ni kwa kuegeza utawala karibu na raia. Paka neno lile lile la 2015, wakati balikata provensi yetu ya Katanga. Kama itaegea tena kidogo, mi nitaifuata adi Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia.

Sasa siku ya mungu tukafanya mukutano, kwa muzee mumoja tunamuita Papa Reli juu alifanya kazi ya gari la moshi tangu kijana. Watu tulijaa, kila mutu na kiti yake. Tukasema tuandike memorandomu, na kifaransa ya kweli, ya kutisha. Mwalimu akashika kalamu: "Sisi, wakaaji wa..." Akasimama. Kartye gani? Tukiandika ya zamani watasema hamuko kule, tukiandika ya mupya ni kusema tumekubali. Saa nzima, bwana, saa nzima tuko ku neno la ine! Soda ikaisha, memorandomu iko paka na "Sisi, wakaaji wa".

Papa Reli akasema nyinyi batoto munalia nini, mi nilishakatwa mara mingi. Kati ya 1962 na 1963 balikata Katanga vipande bitatu, 1966 bakaishona tena. Mobutu akatuita Shaba, 1997 tukarudia Katanga. 2006 bakaandika mu konstitisio ya kwamba provensi itakuwa 25 na Kinshasa, bakalala nayo miaka tisa, kisha 2015 gafula, vipande bine: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Na mi sikuhama, anasema, kitanda yangu ni ile ile. Akasema nguo yenye unakata kila mara itaisha kuwa kitambaa cha kupanguza meza. (Iko kweli, shemeji yangu wa Kolwezi alilala Mukatanga akaamka wa Lualaba, na tangu bale ba Lualaba babakie na kobalti, ile madini, anatupokea ku mulango sawa bageni.)

Njo shefu wa avenyu anasimama, anasema jamani musitukane serikali, nyinyi mulishauriwa, na liste iko. Akatoa karatasi. Kweli, majina yetu yote, na sinyatire. Yangu pia, na ule mukia ya herufi ya mwisho ninapenda kuweka. Mi nikaanza kujiuliza kama pombe inanisahaulisha. Mama ya batoto, yeye macho yake ni ya kusoma risiti ya soko, akasema: "Shefu, na hii 5000 franka mbele ya jina ya bwana yangu ni ya nini? Na 2000 ya mama Bata? Mutu analipa kwa kushauriwa?" Kimya. Ilikuwa liste ya mchango ya kilio, bwana! Kilio cha marehemu wa namba 39, mwezi wa tatu!

Makelele yenye ilitoka pale nitaiacha.

Basi tukasema turudie mupaka ya kweli, ile ya bazee. Papa Reli akanyoosha fimbo, akasema mupaka tangu wakati ya Babeleji ilikuwa kichuguu, kichuguu kikubwa, urefu wa nyumba, hapa pa kona. Kiko wapi? Watu wote banageuza shingo. Pale pa kona iko kyoski ya kuuza makala ya kupikia na ile takataka. Mutu alikivunja kichuguu, anasema, kwa kufyatua matofali, na mi nataka kujua ni nani alinunua yale matofali.

Mama ya batoto akanikanyaga muguu. Salo yangu, chumba ya batoto na nusu ya choo. Nikasema muzee, giza inaingia, tuendelee siku ya mungu ingine.