Tenda zina wenyewe? Mi naona balaa linaanza ukishashinda

Hapa Dodoma kaa kijiwe chochote cha kahawa halafu taja tenda, hujamaliza hata sentensi kuna mtu atakudaka, "achana nazo hizo, zina wenyewe". Nenda sasa kwenye semina za wajasiriamali, utaambiwa kinyume kabisa, fursa zimejaa ila watu wavivu kujisajili. Mi nina stationari ndogo na kazi yangu kubwa siku hizi ni kuwasajilia watu kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, na kuwajazia zabuni, kwa hiyo nyimbo zote mbili nazisikia kila siku, na kusema kweli kila upande una pointi yake ila wote wanabishana kuhusu mlango wa kuingilia wakati watu wanaumia wakishafika ndani.

Watu wa semina tuwape haki yao. Zamani zabuni ilikuwa bahasha, unanunua nyaraka, unatoa kopi za kutosha kujaza kapu, unafunga lakiri, unapanda basi kutoka Kondoa au Mpwapwa kwenda kutumbukiza kwenye boksi, ukichelewa dakika tano imekula kwako. Tangu NeST ianze 2023 mtu anaona tangazo kwenye simu yake akiwa Kibaigwa sokoni. Na sheria mpya ya ununuzi, ile namba 10 ya 2023, bado inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Sasa weka hapo na Mji wa Serikali kule Mtumba, wizara zipo pale na kila wizara inahitaji chai, mapazia, usafi, karatasi. Mkoa gani mwingine una mteja kama huyo jirani?

Wa kijiweni nao hawajalala usingizi. Mlango ukiwa wazi kwako ujue uko wazi kwa wote, fundi wa madawati wa Kongwa anashindana na mtu wa Dar mwenye mashine na mzigo wa mbao ndani, bei zinashushwa mpaka unajiuliza huyu misumari kaokota wapi. Halafu kuna vikundi vina majina ya kina mama watano lakini nyuma kuna tajiri mmoja ndo mwenye hela, kina mama wanapewa cha kusainia wanaenda zao. Wengi wanauita wizi. Mi nasitasita kidogo, maana huyo tajiri asingekuwepo hiyo tenda wangeifanya kwa hela gani? Swali hilo ndo linanikosesha raha kuliko hayo mengine yote.

Chukua kikundi kimoja cha ushonaji cha kina mama wa Nkuhungu, watu sita, nimewajazia mwenyewe. Wakashinda mapazia ya ofisi moja hapa mjini, milioni 12. Siku ile walinunua soda mtaa mzima. Kitambaa, vyuma na usafiri viligharimu milioni 10 na laki mbili, kwa hiyo faida kwenye karatasi milioni moja na laki nane, safi kabisa. Ila mfukoni hawakuwa na hela yote ya kununulia vitu hivyo, wakakopa milioni 6 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, wakijua mwezi mmoja watakuwa wamelipwa. Wakalipwa baada ya miezi mitano. Riba laki tatu mara tano ni milioni moja na nusu, toa na asilimia 2 ya kodi ya zuio inayokatwa ukiiuzia serikali bidhaa, hiyo ni laki mbili na arobaini (ndio najua inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, ila siku ile hela haipo mkononi). Ikabaki elfu sitini. Watu sita, elfu kumi kumi.

Na hapo mapazia yalikuwa mazuri, hakuna aliyelalamika, hakuna aliyeomba chochote, faili lilikuwa linazunguka tu mara mkaguzi wa ndani hajasaini mara bajeti haijashuka. Mikataba mingi ina kipengele cha riba kwa malipo yaliyochelewa lakini nani atakidai, wakati mwakani unataka tena kazi palepale?

Sekta binafsi je? Makandarasi wakubwa na mahoteli hawana asilimia 30 ya mtu na tenda nyingi hata hazitangazwi, formeni anapiga simu tu leta kokoto tripu tatu. Zuri lake ukimpata muungwana jioni hela imeingia kwenye simu. Ubaya wake ukimpata mhuni huna karatasi hata moja ya kumshitakia, na mi hapo stationari siwezi kukusaidia lolote.

Kwa hiyo nikiona mtu anatangaza mafunzo mengine ya siku mbili ya kujaza zabuni huwa nachoka. Kujaza ni kazi ya alasiri moja. Wangeigawa tenda kubwa iwe mafungu madogo, wangetoa malipo ya awali kwa vikundi, benki nazo zingekopesha kwa LPO, ile hati ya oda unayopewa ukishashinda, bila kuuliza hati ya nyumba, hapo ningeamini kuna mtu anataka mdogo ashinde kweli. Mtu atasema malipo ya awali watu watakula hela wakimbie, sawa wapo, lakini toa basi fungu dogo ambalo hata likiliwa serikali haitikisiki.

Wale kina mama wamerudi wiki iliyopita, wameona tangazo la sare za walinzi. Nikamuuliza mwenyekiti, mama kitambaa mnanunua na nini safari hii? Akacheka, akasema kwanza nimwangalizie kama ile ofisi ya mapazia na hii ni moja.