Kansa ya titi iliyopitwa kwenye mamogramu: nani aiangalie picha ya zamani, na akiwa ameambiwa nini?

Mwanamke kapiga mamogramu (eksirei ya titi) kaambiwa yuko salama, miezi 14 baadae anaoga anagusa kitu kigumu karibu na kwapa, anapimwa ni kansa. Swali litakalomtoka ni moja, ilikuwepo siku ile mkaipita? Ana haki ya kujibiwa, picha ya zamani ikiwa mbele yake.

Shida jibu linategemea anayeiangalia kaambiwa nini. Mwambie daktari wa picha "huyu ana kansa titi la kushoto, tafuta", ataona kivuli ambacho ungemchanganyia picha hiyo hiyo na za wanawake mia wasio na kansa, bila kumwambia kitu, angeweza kukipita tena. Ndo maana ukaguzi wa kujua jibu hukuta makosa mengi kuliko ule wa kificho. Wasomaji wa picha wanasema hapo wanaonewa, na wana hoja, kwa sababu kwenye picha 1000, zile zenye kansa kwa kawaida hazifiki hata 10, alafu kuna kansa ambazo siku ile hazikuwepo kabisa zimekua haraka, na nyingine zimejificha kwenye titi lenye tishu nzito, maana tishu hiyo inatoka nyeupe na kansa nayo nyeupe.

Hata kulinganisha nchi kuna mtego. Uingereza wanaita wanawake kila miaka 3, nchi nyingi za Ulaya ni kila miwili, so lazima Uingereza kansa nyingi zaidi zijitokeze katikati ya kipimo kimoja na kingine hata kama wasomaji wao ni wazuri sawasawa.

Na ukiwatisha sana wasomaji wataanza kuita kila mtu arudi, biopsi (kutoa kipande cha titi kukipima) zisizo na sababu, wiki za kukosa usingizi. Jopo la wataalamu la 2012 huko Uingereza, likiongozwa na Marmot, lilikadiria kwa wanawake 10,000 wanaoitwa kupimwa miaka 20 kuanzia umri wa 50, vifo 43 vinazuiwa, na wanawake 129 wanakutwa na kansa ambayo isingewasumbua maisha yao yote. Hiyo gharama ipo, ni watu.

Ila mimi hainishawishi kwamba basi tukae kimya. Kumhukumu msomaji, tumia ukaguzi wa kificho. Kujifunza, na kumjibu mgonjwa, fungua kila kitu, hata kama jibu ni "kilikuwepo kitu kidogo, wengi wangekipita".

Na kuna sehemu watu wanaisahau kabisa, rekodi za siku yenyewe. Kwenye programu nyingi za kupima wanawake picha inasomwa na watu wawili, wakitofautiana wa tatu anaamua au wanakaa pamoja. Kama mmoja aliandika "arudi" na ikaamuliwa asiitwe, hapo huhitaji kubishana kuhusu macho ya leo, kuna mtu aliiona siku ile ile na jina la mgonjwa likapelekwa kwenye orodha ya walio salama, mimi ningeanzia hapo kabla ya kugusa picha yoyote nyingine.