Masikio yaliyotokeza: nani aamue mtoto apasuliwe?

Shule nyingi za Kenya zinataka mwanafunzi awe na nywele fupi, na wavulana wengi wa Mombasa hunyolewa kipara kabisa. Mtoto ambaye masikio yake yametokeza hana pa kuyaficha. Wenzake humwita Popo, na jina hilo linaweza kumfuata mpaka akawa baba wa watoto. Ndiyo maana mama anayeuliza kuhusu upasuaji wa kuyarudisha masikio nyuma hastahili kuambiwa "hilo nalo ni jambo?" Mama mmoja wa Kisauni alisema mwanawe havui kofia ya madrasa hata akiwa amelala. Kwake ni jambo.

Upasuaji wenyewe si mkubwa. Mara nyingi sikio hutokeza kwa sababu mkunjo wake wa ndani haukujikunja vizuri, au bakuli lake, yaani sehemu iliyobonyea kuzunguka tundu la sikio, lina kina kirefu. Usikivu hauathiriki. Daktari hupasua nyuma ya sikio na kuikunja gegedu, yaani ule mfupa laini wa sikio, kwa mishono ya ndani, njia ambayo daktari mpasuaji Mustardé aliieleza mwaka 1963 na ambayo bado inatumika. Kazi huchukua saa moja hadi mbili. Mtoto hupewa nusukaputi, mtu mzima aghalabu hutiwa ganzi tu. Baadaye hufungwa bendeji, kisha mkanda wa kichwani wakati wa kulala kwa wiki kadhaa.

Wanaoutetea wanasema ufanywe mapema. Kufikia miaka mitano au sita, sikio limeshakaribia ukubwa wake wa utu uzima, na gegedu bado ni laini. Kwa nini kungoja mpaka mtoto achekwe? Hoja hii ina uzito, lakini mimi siikubali yote. Mtoto wa miaka mitano aghalabu hana habari na masikio yake. Wenye habari ni mama, shangazi na jirani. Kumlaza kwa nusukaputi akiwa mzima wa afya, kwa aibu ambayo bado ni yetu sisi, ni kumtwika mzigo wa watu wengine. Akishafika umri wa kusema mwenyewe, "Mama, mimi nataka," na akarudia baada ya miezi, hapo mazungumzo yamebadilika. Na anayeumia kweli asiambiwe asubiri mpaka amalize shule.

Upande wa pili huanza na dini, na hapa mjini huwezi kuuruka. Wengi hukumbusha aya ya Suratun-Nisaa inayokemea kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Lakini wanazuoni pia hutaja hadithi ya Arfaja, sahaba aliyepoteza pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu aweke ya dhahabu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi (sheria za Kiislamu) lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa na zinazoleta madhara ya mwili au ya nafsi, likakataza upasuaji wa kujipamba tu. Swali basi ni moja: je, masikio haya yanamdhuru mwenyewe? Jibu analo yule mtoto.

Linalonitia hofu zaidi ni keloidi, yaani kovu linalovimba kuwa donge, na husikii likizungumzwa inavyostahili. Sisi wenye ngozi nyeusi tunapata makovu ya kuvimba zaidi kuliko Wazungu, na sikio ni mojawapo ya sehemu yanapopenda kuota. Keloidi huwasha, huuma, na ukiikata bila matibabu mengine mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Mtoto aliyekimbia jina la Popo anaweza kubaki na donge nyuma ya sikio. Bahati nzuri, kwetu wasichana hutogwa masikio wakiwa wachanga, kwa hivyo familia ina habari ya kumpa daktari bila kulipia kipimo: je, kuna shangazi, dada au bibi ambaye tundu la herini lilimwotea donge? Kama yupo, daktari ajue kabla hata ya kutaja bei. Bei nayo kwa kawaida hutoka mfukoni, maana bima huuhesabu upasuaji huu kuwa urembo.

Kuna njia nyingine ambayo watu wengi hupitwa nayo. Homoni za mama huifanya gegedu ya mtoto mchanga iwe laini sana wiki za mwanzo, na kifaa kidogo cha kulishika sikio kinaweza kulirekebisha bila kisu. Hufaulu zaidi kikianza wiki hizo, kabla sikio halijakaza. Hizo ndizo siku za arubaini, wakati mtoto yuko mikononi mwa bibi zake wakimkanda na kumnyoosha. Bibi akiona sikio limetokeza, amwambie mama waulize kliniki mapema. Wasibandike plasta nyumbani, maana ngozi ya mchanga huchubuka upesi.

Mtu mzima ni habari nyingine. Anajilipia, anajiamulia, na hatari anabeba mwenyewe; sioni sababu ya kumsimanga. Ila gegedu yake imekaza, hivyo daktari huenda akalazimika kuichonga pamoja na kuishona, na sikio moja linaweza kurudi lilivyokuwa au masikio mawili yakatofautiana. Kabla ya kulipa amana, alitafute jina la daktari kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, aombe kuona picha za wagonjwa wenye ngozi kama yake mwaka mmoja baada ya kupasuliwa, na aulize nani atamtibu kovu likivimba.