Kadi ya dola 795 kwa sisi tunaotuma hela nyumbani

Kwenye magrupu ya Watanzania tulioko Marekani kuna ubishi usiokwisha: kadi ya mkopo ya Sapphire Reserve, ya benki ya Chase, inalipa au hailipi? Ilipotoka mwaka 2016 ada yake ilikuwa dola 450 kwa mwaka. Mwaka 2020 ikawa 550, na Juni 2025 ikaruka hadi 795. Miezi mitatu baadaye American Express nao wakaitoa kadi yao ya Platinum kwenye 695 na kuifikisha 895. Kila ada inapopanda, orodha ya marupurupu nayo hurefuka, na ukiyajumlisha kwa bei wanazoziandika wenyewe unavuka dola elfu mbili. Kwa hesabu hiyo, asiyekuwa na kadi ndiye mjinga.

Hesabu hiyo mimi siikubali. Rupurupu nalihesabu kwa pesa ambayo ningeitoa mfukoni hata kama kadi isingekuwepo, basi.

Tuichukue hiyo Reserve. Kuna dola 300 za safari, na hizi ni pesa kweli: nauli ya ndege, begi la ziada, treni, maegesho, hata Uber ya kwenda kazini, zote zinarudishwa bila wewe kujaza fomu. Zimebaki 495 za kutetea. Apple Music na Apple TV, kama ulikuwa unazilipia tayari, toa bei yake kwenye hizo 495. Kama hukuwa unazilipia ni sifuri, hata watoto wafurahi vipi. Dola 300 za mgahawa? Ni kwenye migahawa waliyoichagua wao, tena zimekatwa vipande viwili, 150 kila nusu mwaka. Tiketi za StubHub, mtandao wa kuuza tiketi za matamasha na mechi, vivyo hivyo. Dola 500 za hoteli zinataka hoteli za orodha yao na usiku mbili angalau, na hoteli zenyewe si zile ambazo mtu anayekwenda kumwona shangazi Minneapolis hulala. (Shangazi mwenyewe angenuna.) Platinum wao wamezidi kukatakata: Uber dola 15 kwa mwezi, na usipoitumia mwezi huo imekwenda. Vipande hivi havikukatwa vidogo kwa bahati mbaya. Benki inajua wengi watasahau, na wasiosahau watatumia kuponi ya 150 kwenye chakula cha 210.

Launji za uwanja wa ndege, yaani kumbi za kupumzikia, ndizo zinazowavuta wengi, nami naelewa, maana safari ya kwenda Dar ina masaa ya kusubiri katikati. Ila sisi tunasafiri na familia. Kwenye launji za Centurion, za American Express wenyewe, mwenye Platinum hulipia wageni wake, dola 50 kwa mtu mzima, mpaka awe ametumia dola 75,000 kwa mwaka kwenye kadi hiyo. Priority Pass ya Reserve, uanachama wa kuingilia launji, inaruhusu wageni wawili. Mke na mtoto mmoja wanaingia, wa pili je?

Kuna jambo ambalo wauza kadi hawaligusi kwa sababu si la wateja wanaowafikiria. Matumizi yetu makubwa ni kodi ya nyumba, chakula, na hela za nyumbani. Reserve inakupa pointi (zile unazobadilisha kuwa tiketi ya ndege) moja tu kwa dola dukani. Hela ya ada ya shule ya mdogo wako ukiituma kwa kadi ya mkopo, benki nyingi huihesabu kama umetoa taslimu: makato juu, riba kuanzia siku hiyo hiyo, pointi hakuna. Kwa hiyo pale pesa zetu zinapokwenda, kadi haipo. Na ukibakiza deni mwezi hadi mwezi kwa riba ya asilimia ishirini na kitu, acha kabisa kusoma habari za marupurupu.

Ninachokiheshimu ni bima. Ndege ikichelewa masaa 6, Reserve inarudisha gharama za hoteli na chakula, hadi dola 500 kwa kila tiketi. Aliyewahi kukosa ndege ya kuunganisha akiwa na watoto anajua thamani yake. Kwa anayekwenda nyumbani kila mwaka na kusafiri kikazi, kadi hii inaweza kujilipa. Kwa anayekwenda kila baada ya miaka miwili, sioni.

Mwaka wa kwanza usikuhadae, pointi za kukaribishwa hufunika kila kitu. Uamuzi ni ada ya pili inapoingia. Hapo kwa kawaida una siku 30 za kuifuta na kurudishiwa. Piga simu, uliza kama wana ofa ya kukubakiza. Hawana? Usiifunge akaunti, omba wakushushie hadi kadi ya ada ndogo. Mimi ningeshuka hadi Sapphire Preferred ya dola 95, ambayo nayo inahamisha pointi kwenda Flying Blue, mpango wa pointi wa Air France na KLM, na KLM wanatua Kilimanjaro. Ukishuka hadi Freedom, kadi ya Chase isiyo na ada, hamisha pointi kwanza, kwa sababu Freedom peke yake haizipeleki kwenye shirika lolote la ndege.