Kokoto za bei ya chee zinatumalizia vilima Mbeya

Jirani yangu hapa Sheffield anabomoa ukuta wa nyuma wa nyumba yake, na kila asubuhi nyundo yake inaniamsha kabla ya saa. Nilitoka nikiwa nimejiandaa kulalamika, nikaishia kusimama na kutazama. Ni matofali ya enzi za Malkia Victoria, yaliyounganishwa kwa chokaa. Anayatoa moja moja, anayakwangua kwa patasi, anayapanga. Mnunuzi keshapatikana. Tofali kuukuu huku mara nyingi linauzwa ghali kuliko jipya.

Nikayawaza mapagale ya kwetu, roho ikaniuma. Uyole, Isyesye, Iwambi, kule Mbeya pita popote. Kuta zimefika kwenye lenta, nyasi zimeota sebuleni, mwenye nyumba yuko Dar, au Johannesburg, au yuko huku kama mimi. Kila pagala lile ni kipande cha kilima. Zege letu la kawaida ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Maana yake kwa kila karai la saruji, makarai sita yametoka mtoni na mlimani. Saruji ikipanda bei nchi nzima inapiga kelele. Hayo makarai sita hakuna anayeyaulizia.

Nyuma ya kwetu kuna kilima ambacho kimeshaliwa upande mmoja mzima. Mwamba unachomwa kwa matairi mpaka unapasuka, vijana wanaporomosha mawe, na chini, kwenye vivuli vya turubai, wamekaa akina mama. Mama analibana jiwe kwenye pete ya mpira uliokatwa kwenye tairi ili lisimrukie usoni, anagonga, anasogeza, anagonga. Anauza kwa ndoo. Akija mwenye Fuso, bei anapanga mwenye Fuso. Kwenye tripu utakayoletewa saiti umelipia dizeli, wapakiaji na dereva. Shimo lililobaki hujalilipia wewe, na hajalilipia mtu yeyote.

Hapo ndipo ninapoona tofauti na huku. Tangu Aprili 2002 Uingereza inatoza kodi kwenye kila tani ya mchanga, kokoto au mwamba unaochimbwa kwa ajili ya ujenzi. Ilianza pauni 1.60, sasa imevuka pauni 2. Zege kuukuu likisagwa likatumika tena, halitozwi. Ndiyo maana zaidi ya robo ya kokoto na mchanga wanaojengea inatokana na vifusi na mabaki. Si kwamba wana huruma kutuzidi sisi. Mlima kwao umewekewa bei, basi.

Najua mtakachosema. Huyu amekaa kwenye baridi kidogo, sasa anatufundisha kujenga. Ndugu zangu, sijasema Wazungu ni malaika. Nenda bonde la Hope, si mbali na hapa, uone kiwanda cha saruji kinachochimba mawe ya chokaa tangu 1929, tena ndani ya hifadhi ya taifa ya Peak District, iliyotangazwa mwaka 1951 ikikikuta kiwanda pale pale. Vilima vyao walianza kuvila zamani. Na kutumia tena si jambo la kujifunza kwao. Zile nyumba zetu za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, ikibomolewa moja, tofali linatoka zima, linajenga jiko, linajenga banda la ng'ombe. Wazee wetu hawakutupa tofali. Tumeanza kutupa jiwe lilipokuwa rahisi kuliko kulifikiria.

Mwingine atasema niwaache vijana wale. Hapa nakasirika kweli. Huyo mama wa nyundo ndiye anayepata kidogo kuliko wote kwenye mnyororo huu, na ndiye anayelala chini ya mteremko. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetele pale Itezi likafukia nyumba na shule. Ile ilikuwa mvua, siwasingizii wachimba kokoto. Lakini aliyeona Itezi hawezi kuniambia kwamba mteremko uliochimbwa kwa chini ni jambo dogo.

Kwa Sheria ya Madini ya 2010 mchanga na kokoto ni madini, na mrabaha wake, yaani malipo ya mchimbaji kwa serikali, ni asilimia 3. Kwa hiyo serikali inalijua jiwe. Ninachotaka ni sehemu ya fedha hiyo ibaki kijijini kufukia shimo na kuotesha miti, na mzigo wenye leseni utofautishwe na wa usiku. Na sisi wa nje tuanze, maana ramani za vyumba sita na ukuta wa kuzunguka eka nzima ni zetu, kwa nyumba tutakayolala wakati wa Krismasi. Muulize fundi kokoto zimetoka kilima gani. Akishindwa kujibu, usitume hela.

Wiki hii kaka ameniandikia kwamba fundi anataka mzigo mwingine wa kutengenezea vitofali vya pevingi, ua mzima. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba ua ubaki na udongo wake, pachimbwe mtaro wa maji ya mvua, na hela ya pevingi imalizie vyumba viwili vya nyuma ili shangazi ahamie kabla ya masika. Amenuna. Tunaendelea kuongea.