Mke wa Mwalimu wa Kwaya Ndiye Anayelipa

Tangazo limezunguka wiki nzima kwenye makundi ya WhatsApp ya makwaya hapa Mombasa, kwa hivyo wengi wenu mmeliona. Kanisa fulani, jina tuliache, linatafuta mwalimu wa muziki. Awe ameokoka, awe na ndoa imara, asome nota na solfa (do, re, mi), apige kinanda, afundishe kwaya tatu (ya wazee, ya vijana na ya watoto), afike mazoezi Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, ahudumu ibada zote mbili za Jumapili, na awe tayari kwa mikesha. Malipo? Nauli, na baraka kutoka juu.

Nina swali moja tu kuhusu hilo sharti la ndoa imara. Itakuwa imara saa ngapi?

Tuhesabu, maana kamati za kanisa zikishasikia huduma, kikokotoo huzimwa. Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili usiku: masaa 5. Watoto Jumamosi alasiri: masaa 2. Jumapili anaingia saa moja asubuhi, kwa sababu vyombo havijifungi vyenyewe, anatoka saa saba mchana: masaa 6. Hapo ni 13, na bado hatujagusa kazi ambayo hakuna mshirika anayeiona.

Kazi hiyo huanza mzee wa kanisa anaposikia wimbo mpya kwenye simu, akamrushia mwalimu na kuutaka Jumapili ijayo. Wimbo wa dakika 4, sauti nne, kuuandika kwa solfa kutoka kwenye rekodi si chini ya masaa 3, na hapo ni kwa mwenye sikio zuri. Kwanza unatafuta do iko wapi. Kisha unaandika besi, maana besi ndiyo inayokuonyesha muziki unageukia wapi. Halafu soprano, ambayo hata jirani anaisikia. Alto na tenor ndizo zinazokula usiku. Zimefunikwa na kinanda na mwangwi wa studio, na ukikisia vibaya utaandika tenor inayoifuata soprano hatua kwa hatua, oktavu moja chini, ukadhani una sauti nne kumbe una tatu. Ukimaliza, uangalie kama waimbaji wako wanafika. Rekodi iko kwenye ufunguo (kimo cha sauti) wa A flati na soprano wa studio wanaigusa A flati ya juu kama mchezo. Wa kwako, ambao wameuza sokoni Kongowea tangu alfajiri, mwisho wao ni F siku wakiwa wazima. Basi unaushusha wimbo hadi F. Besi waliokuwa wanagusa F ya chini sasa wametupwa D, ambako hakuna anayesikika, kwa hivyo mstari wa besi unauandika upya. Ni saa sita usiku. Mtoto alilala zamani, na mwenzio amegeukia ukuta.

Ongeza na saa moja ya kunakili karatasi za watoto, pamoja na saa moja ya kujibu "mwalimu nisamehe leo sitafika". Tumefika 18 kwa wiki. Tuseme shilingi 500 kwa saa, kiwango ambacho mwalimu yeyote wa piano kule Nyali atakucheka nacho. Ni 9,000 kwa wiki, 36,000 kwa mwezi. Kanisa likitoa nauli ya 4,000, zile 32,000 hazikuyeyuka hewani. Kuna mtu amezitoa. Amezitoa mke aliyeosha vyombo peke yake, akasimamia kazi za shule za watoto peke yake, akala chakula kilichopoa peke yake, au mume, pale mwalimu anapokuwa mwanamke, ambaye wakwe wameanza kumuuliza mkewe huwa wapi usiku. Jina la mfadhili huyu halisomwi pamoja na matangazo ya Jumapili.

Na tafadhali msiniletee Walawi, wahudumu wa hekalu, kwamba huduma haidai malipo. Au niseme, nileteeni, lakini msome hadi mwisho. Nehemia 13 inasema wazi kwamba waimbaji na Walawi walikuwa wamekimbilia mashambani mwao kwa sababu hawakupewa sehemu zao. Nehemia alifanya nini? Hakuwaitia waimbaji semina ya kujikana nafsi. Aliwageukia wakuu na kugombana nao, nyumba ya Mungu imeachwa kwa nini, kisha akawakusanya waimbaji na kuwarudisha mahali pao. Na Paulo, ambaye tunamnukuu kila tukitaka watu watoe, ndiye yule yule aliyemwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Mstari huo sijausikia ukisomwa kwenye mkesha wa kwaya. Labda siku ukisomwa vipaza sauti hukatika.

Wapenda muziki wa kanisa hupenda kututajia Bach, mtunzi Mjerumani wa muziki wa kanisa, aliyekuwa akiandika kwenye kazi zake kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Kweli aliandika. Lakini mwaka 1730, akiwa Leipzig, alimwandikia pia rafiki yake Georg Erdmann akilalamikia mapato: sehemu ya riziki yake ilitokana na ada za mazishi, na mwaka uliotangulia hali ya hewa ilikuwa nzuri, watu hawakufa vya kutosha, akapoteza zaidi ya thaler 100, fedha ya huko. Mcha Mungu huyo huyo. Mke wake wa pili, Anna Magdalena, alikuwa mwimbaji hodari na alinakili kwa mkono kazi nyingi za mumewe. Bach alikufa 1750. Anna Magdalena alikufa 1760 akiishi kwa sadaka wanazopewa maskini, katika mji ule ule ambao mumewe aliutumikia kwa miaka 27. Na sisi pwani tusijione wema: mmisionari Krapf tunamtaja kila sherehe, lakini Rosina, mkewe, aliyezikwa ng'ambo hii ya bara mwaka ule ule wa 1844 walipofika Mombasa, ni wangapi kati yenu wanaoweza kulitaja jina lake bila kukisia?

Haya, nikubali, ingawa kwa shingo upande: lipo kanisa la washirika 40 kule Mikindani ambalo likimlipa mwalimu halitalipa kodi ya ukumbi. Sawa. Basi mpunguzieni kazi. Kwaya moja, zoezi moja kwa juma, nyimbo mbili mpya kwa mwezi. Mlipieni mchango wa bima ya afya ya SHA yeye na familia yake. Fedha ikikosekana, muda upo wa kumrudishia. Ila makanisa yenye mahema ya kukodi na mafundi wa sauti wanaolipwa papo hapo kwa M-Pesa hayana ruhusa ya kujificha nyuma ya Mikindani. Fundi wa spika analipwa, mwenye viti analipwa, mlinzi wa lango analipwa na hakuna anayehofia kwamba ataingiwa na kiburi.

Sasa walimu, maana sitawaacha mkicheka pembeni. Wapo wanaolikimbia zogo la nyumbani na kuliita zoezi. Hao nawaachia wachungaji wao. Wengine wanamwibia mwenzi wao muda kwa uvivu tu wa kupanga. Mazoezi ya dakika 90 yanaitosha kwaya ya watu 30, mradi yaanze saa yake. Wakiwepo besi wawili na alto mmoja, anza na hao. Ukisubiri watu watimie, wiki ijayo hata waliokuwa wakiwahi watachelewa. Sala dakika 5. Kupasha sauti dakika 10: pumzi ya chini, midomo ikitetema, kisha do re mi re do mkipanda nusu toni kila mara, na mkome kabla soprano hawajaanza kupiga kelele. Wimbo mpya dakika 35, na hapa ndipo muda unapofia. Usiufundishe wote kwa sauti moja huku wengine wakiangalia simu. Chukua mizani (vipimo vya mapigo) 8. Wape besi, waimbe mara tatu kwa solfa. Waongeze tenor juu yao. Alto. Soprano mwisho, kwa sababu wao watashika hata wakisinzia. Unganisha zote nne kabla hujagusa mizani ya 9. Maneno yaje baada ya solfa kushika. Ukianza na maneno watu wanakumbuka maneno na kubuni sauti, na utawasahihisha hadi Krismasi. Dakika 30 za nyimbo za Jumapili, 5 za matangazo, na 5 zinazobaki kwa yule ambaye lazima alisemee jambo.

Kwaya ikishuka chini ya ufunguo, msipige kelele na msiongeze kinanda. Inashuka kwa sababu mi na ti zinaimbwa chini, kwa sababu nota inayorudiwa mara nyingi huchoka, na kwa sababu watu wamekaa wamejikunja kwenye ukumbi usio na feni. Wasimamishe. Kipande hicho wakiimbe kwa "nu", taratibu, bila chombo, kisha uguse kinanda mwishoni waone wameporomoka kiasi gani. Kikikataa kabisa, pandisha ufunguo nusu toni; mara nyingi ugonjwa huishia hapo. Na mpiga kinanda anayejua F peke yake na kuhamisha kila wimbo kwa kitufe cha kubadilisha ufunguo, mwambie akirudishe sifuri kila wimbo unapokwisha. Akisahau, wimbo wa pili unaanza toni mbili juu mbele ya askofu, na baada ya ibada kutaitishwa kikao cha dharura cha saa nzima. Saa hiyo nayo inatoka nyumbani.

Vyombo navyo. Hewa yetu ya chumvi hula nyuzi za gitaa kama sukari, na matundu ya kuchomekea nyaya huota kijani. Kitambaa kikavu juu ya nyuzi baada ya kila zoezi, kifuniko juu ya kinanda, na adapta ichomolewe ukutani, maana umeme ukirudi kwa kishindo huiunguza. Ni dakika 3. Mpeni kijana wa kwaya kazi hiyo na mwalimu aende akapande matatu ya Mtwapa kabla nauli haijapanda.

 

Jumamosi za Agosti na Desemba ndizo hunichekesha kabisa. Mchungaji anasimama mbele ya maharusi na kuwaasa wapeane muda, wasiruhusu kazi iwatenganishe, jioni wale pamoja. Waumini wanaitikia amina. Kwenye kona, nyuma ya kinanda, yupo mtu aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, harusi ya tatu mwezi huu, atakayepelekwa ukumbini apige hadi keki ikatwe, na ambaye hakuna aliyeuliza kama amekula. Anaitikia amina vizuri sana, kwenye ufunguo ule ule.

Kwa hivyo mwalimu anayelifikiria lile tangazo asiende na cheti peke yake. Aende na mwenzi wake, na waombe barua. Iandikwe kwaya ngapi, mazoezi mangapi, yanaanza na kuisha saa ngapi. Wimbo mpya uletwe wiki tatu kabla. Harusi na mazishi ya nje ya ratiba yana ada yake, na inalipwa kabla ya siku. Jumapili moja kila mwezi akae kwenye kiti cha kawaida karibu na mkewe, kinanda kipigwe na mwanafunzi wake, hata akikosea. Jumatatu simu ya kwaya imezimwa. Kiasi cha mwezi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya kulipwa. Sahihi ziwe tatu: ya mwenyekiti wa kamati, ya mwalimu, na ya mwenzi wake. Kamati ikisema sahihi ya tatu haina kazi hapo, mrudi nyumbani wote wawili, mapema, matatu zikiwa bado na viti.