Shemeji, Hilo Dude Ataliinua Nani?

Shemeji yangu wa Dar amenipigia simu anataka nimshauri pikipiki ya kununua. Sasa mtu ambaye tayari ameshanunua helmeti, jaketi, glovu na buti za kufika magotini, halafu ndiyo anaomba ushauri, huyo anatafuta shahidi tu. Lakini ni kaka yake mke wangu, na mke wangu alikuwa amekaa pale pale anachambua mchele, simu iko kwenye spika. Nikasema haya shemeji, lete hoja.

Shemeji anataka dude. BMW R 1250 GS Adventure, ile yenye masanduku ya alumini ubavuni, vyuma vya kujikinga kila upande na tangi la lita 30. Anataka, kwa maneno yake, "kuchoma pori". Pori gani shemeji, na wewe unakaa Mbezi Beach? Akanitajia: Ziwa Natron, Kitulo, Usambara kwa njia za juu, Kondoa kwenye michoro ya mapangoni, Serengeti. Serengeti nikamwambia afute, pikipiki haziingii hifadhini. Akitaka kuona twiga akiwa juu ya pikipiki, apite Mikumi, maana barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza humo humo.

Mimi ni mtu wa mifugo, Monduli. Nachanja ng'ombe, natibu mbuzi, nagombana na punda. Natembelea Honda XL 125 ya zamani niliyoipata kwenye mnada wa mradi fulani uliofunga virago. Hizo njia ambazo shemeji anataka kuzimwagia pesa yote hiyo, mimi naziita Jumatatu. Napita huko na boksi la chanjo nyuma, ndoo kwenye usukani, na siku nyingine kuku wa shukrani. Hakuna aliyewahi kusimama anipige picha. Akija mtu na dude la bei ya kiwanja chenye hati akapita njia ile ile, anaitwa jasiri.

Basi nikaanza na hesabu. Hilo dude likiwa limejazwa mafuta lina kilo 268. Hapo hujaweka hema, jiko, kiti cha kukunja, droni, na shemeji mwenyewe, ambaye tangu apande cheo naye amepanda uzito. Honda CRF300L, pikipiki ya porini yenye namba na taa kama kawaida, ina kilo 142. Tofauti ni kilo 126. Shemeji, hilo ni gunia la mahindi na mtoto wa darasa la pili amekaa juu yake.

"Ndiyo, lakini uzito wake uko chini," akasema. "Silinda zimelala kushoto na kulia."

Kasoma. Na ni kweli, silinda zimelala, na dude likishatembea uzito unapotea, nimeona mafundi wake wanalichezesha kwenye kokoto mpaka raha. Tatizo halianzi likitembea. Linaanza likisimama, kwenye kimteremko kidogo tu, unashusha mguu kutafuta ardhi na ardhi haipo. Kiti chake kiko milimita 890 kutoka chini. Shemeji, na nasema kwa heshima zote, ni mtu wa futi tano na inchi tano akiwa amevaa viatu.

Wenzake nilishawaona. Mwaka jana kundi lake walikuja, waungwana watupu, wamepanga kwenda Natron kutokea Mto wa Mbu kupitia Engaruka. Shemeji yeye alikuja na gari, akawaambia, "Shemeji yangu anaijua hiyo njia, atawaongoza." Pale kituo cha mafuta waliiangalia XL yangu, mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama nitaweza kwenda na mwendo wao. Kwenye lami kweli sikuwaona. Waliondoka wakaacha mlio tu.

Nikawakuta vumbi linapoanza.

Njia ile ina rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, zinazotikisa meno, hiyo tuiache, hata mimi inanitikisa. Balaa liko mbele ya Engaruka, ukianza kuukaribia Ol Doinyo Lengai. Vumbi lake ni jivu la volkano, laini, linajaa kwenye alama za magari likafunika mawe, unaona kama pametandikwa. Mahali pale unatakiwa usimame kwenye vikanyagio, uvute mafuta, uliache gurudumu la mbele licheze linavyotaka. Na XL nafanya hivyo bila kuwaza, ikinishinda naweka mguu chini, natukana kidogo, naendelea. Lakini ukiwa umekalia robo tani na mkopo wa benki, moyo unakwambia punguza mafuta. Ukipunguza tu, gurudumu linazama, usukani unageuka peke yake, na dude linalala. Halianguki kwa kishindo. Linalala taratibu, mwenyewe analishikilia na kulibembeleza mpaka chini.

Kuliinua nako kuna fani. Unaligeuzia mgongo, unachuchumaa, unakaza makalio kwenye kiti, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma, halafu unarudi kinyumenyume kwa hatua ndogo ndogo. Kwenye video binti wa kilo hamsini analiinua anatabasamu, lakini yuko kwenye sakafu ya saruji. Kwenye jivu la Lengai visigino ndivyo vinavyorudi nyuma, dude liko pale pale. Halafu sanduku la chini limejichimbia, inabidi ulitoe kwanza, na ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali ya ndani, ambayo iko ndani ya suruali ya nje, ambayo ina zipu mbili na mkanda. Jua la saa saba.

Tulikuwa watu wanne tunasukuma dude moja alipotokea kijana wa Kimasai na pikipiki ya Kichina, kampakia shangazi yake na mbuzi. Akaegesha, akashuka, akaweka bega, likasimama. Akalizunguka akilitazama.

"Hili linabeba magunia mangapi?"

Wenyewe wakaangaliana. Mmoja akasema halibebi magunia.

"Sasa linabeba nini?"

Mwenye dude, kwa bahati mbaya, ndiyo alikuwa amefungua sanduku kutafuta maji, na juu kabisa ilikuwa mashine ya kusagia kahawa. Kijana akaitazama ile mashine, akamtazama mbuzi wake, akapiga kiki, akaondoka. Shangazi ndiye aliyecheka, tena alicheka mpaka wakapotea kwenye kona.

Siku ile niliwainua wote. Ilipofika jioni watu wazima ambao sijaoa kwao walikuwa wananiita shemeji, maana ndilo jina walilolisikia. "Shemeji, njoo huku! Shemeji, shika hapa!" Mmoja alishusha mguu kwenye mchanga dude likiwa bado linasogea, sanduku la nyuma likaja likamkanyaga kwenye kifundo. Ndivyo masanduku ya alumini yalivyo, hayana huruma na mguu. Huyo alirudi Arusha kwenye Land Cruiser.

Nilipomkumbusha shemeji haya, akanijia na Dakar, zile mbio za jangwani. Kila mpenda madude ana Dakar mfukoni. Akasema BMW walishinda Dakar mwaka 1981 na Hubert Auriol, halafu 1984 na 1985 na Gaston Rahier, ambaye alikuwa mfupi, tena mfupi kuliko yeye. Sawa shemeji, ni kweli kabisa. Lakini Rahier alikuwa bingwa wa dunia wa motokrosi kabla hajaligusa hilo dude, na wewe ni bingwa wa nini? Na tangu 2011 mbio hizo hizo za Dakar haziruhusu injini inayozidi cc 450. Wenye jangwa lao wameshusha cc, wewe wa Mbezi Beach unapandisha.

Akaja na Ewan McGregor. Yule mwigizaji wa Uskochi na rafiki yake walizunguka dunia na BMW mwaka 2004, mwaka 2007 wakashuka mpaka Cape Town, na hapa kwetu walipita. Nikamwambia walipita, na magari ya msaada yaliwafuata, yamejaa watu na spea. Tena ile safari ya 2004, walipofika Mongolia BMW ya mpiga picha wao ilivunjika, ikabidi wanunue pikipiki ya Kirusi, Izh, ya pale pale kijijini, ndipo safari ikaendelea. Hilo shemeji hakuwa nalo. Mke wangu aliacha mchele akanitazama, nadhani alidhani nimelitunga.

Nisiseme madude hayana faida, nitakuwa mnafiki. Arusha mpaka Dodoma kwa lami, kupitia Babati na Kondoa, hilo dude ni kochi. Mimi nikienda umbali huo na XL nafika vidole vinawasha mpaka kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili, na kila basi likinipita upepo wake unanipeleka kusalimia mitaro. Kwenye miiba pia wametushinda: tairi lao halina tyubu, unachomeka kiraka cha mpira kwa nje, unajaza upepo, unaondoka, wakati mimi bado natafuta kivuli cha kung'olea gurudumu. Ila ringi ikipinda kwenye jiwe upepo haukai tena, na duka la Engaruka halina tairi la 170/60 inchi 17. Lina la Boxer ya bodaboda, sabuni na mafuta ya taa.

Na hiyo lami yenyewe tuiangalie vizuri. Dude lina nguvu za farasi 136. Kutoka Arusha mpaka Babati kila penye maduka matatu na mti wa mwembe pana kibao cha 50, na nyuma ya mwembe pana askari na tochi ya kupima mwendo. Farasi 135 wanalala. Mmoja ndiye anayefanya kazi, huyo huyo niliye naye mimi.

Mvua ikinyesha ndiyo usiniambie kitu. Udongo mweusi wa mbuga unashika tairi, unapanda, unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ndiyo maana pikipiki za porini madigadi ya mbele imewekwa juu huko karibu na taa, tope lipate pa kupita. Vijana wa bodaboda wenye Boxer wao wanaing'oa kabisa kila masika, wanapakwa tope usoni lakini wanafika. Shemeji akaniuliza kama ukiing'oa ya kwenye BMW dhamana ya kiwanda inafutwa. Nikanyamaza.

Serikali mwaka 2022 iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, watu ambao kazi yao ni kufika mashambani kusiko na barabara, masika na kiangazi. Hakuna afisa aliyepewa cc 1250. Angepewa, angelifugia kuku.

Nikamwambia kama CRF inamdhalilisha, basi kuna za kati, Yamaha Ténéré 700 ina kilo mia mbili na kidogo, inakimbia lami na pori inajitahidi. Akasema ameiona, ni nzuri, ila "haina uwepo". Nilitaka kuuliza uwepo ni nini, mke wangu akanikanyaga.

Kipimo changu ni kimoja tu, nikamwambia. Nenda dukani na nguo zako za kazini. Kabla hujaulizia bei, waambie wailaze chini, kwenye kokoto za pale nje. Iinue mara mbili mfululizo bila kuita mtu. Ukiweza, nunua, hata ikiwa na kilo elfu. Ukishindwa, maana yake umenunua pikipiki pamoja na watu wengine watatu, na hao watatu uwe unawalipa posho.

Akakaa kimya muda mrefu, nikajua yameingia. Akasema, "Shemeji, umenifungua macho. Nimeamua. Nanunua zote mbili."

Zote mbili?

"Dude na hiyo ya kilo 142. Dude litakaa kwangu, hiyo ndogo itakaa kwako huko huko Monduli."

Mke wangu alipiga kigelegele. Mimi nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuelewa, hiyo ndogo ataiendesha nani.

"Wewe shemeji! Utakuwa unakuja nyuma yangu. Safari ya kwanza Natron, mwezi wa saba, na wale wenzangu wote wamethibitisha, hata yule wa kifundo. Wamesema bila wewe hawaendi."

Nikamuuliza kama kwenye hizo bajeti zake kuna posho. Akasema simu inakatakata.